Siku Niliyomkatia Mama Paulina Intaneti

Mpaka leo nikipita jirani na stendi pale Moshi nainamisha uso, maana aibu niliyoipata kwenye kafe ya intaneti niliyokuwa naisimamia bado mbichi, na nawasimulia ninyi tu kwa kuwa ni wenzangu (mkicheka, chekeni polepole).

Miaka hiyo niliishi peke yangu, chumba cha kupanga, jioni sina hata wa kuniuliza nimekula nini, basi nikajitungia programu ya kugawa spidi ya laini yetu moja kwa wateja wote: yenyewe inaangalia nani anabonyeza sana inamwongezea, nani katulia inampunguzia, inajirekebisha bila mimi kugusa kitu. Jumamosi moja kafe imejaa, nikaamua kuiwasha, na nikatangaza kabisa kwa sauti ya mchungaji, "Jamani, leo hakuna kulalamika!"

Akaingia Mama Paulina, kashuka kutoka Uru na kitenge kipya. Mwanawe Aloyce yuko ng'ambo, hawajaonana tangu aondoke, na siku hiyo angemwona kwa kamera. Nikampa shikamoo, nikamkalisha, picha ikaja, Aloyce huyo anacheka. Mama akaweka mikono mapajani, akamtazama kimya kama yuko kanisani. Programu yangu ikaona huyu hana shughuli, ikamnyang'anya spidi, ikawapa vijana waliokuwa wanashusha nyimbo. Aloyce akaganda, mdomo wazi.

"Kanikasirikia?" Mama akauliza.

"Hapana mama, ni laini ya huko kwao." (Mwongo mimi!)

Badala ya kuizima programu mbele ya watu niliowatambia, nikaanza kubonyeza kibodi yake ovyo ili aonekane ana kazi, kumbe herufi zote zinamwendea Aloyce kama ujumbe, naye akaandika, "Mama, unaumwa?" na kabla sijajibu akawa ameshampigia simu mjomba wake mwenye duka jirani, mjomba akaingia mbio na wenzake wawili, "Dada yuko wapi? Kaanguka?" Kafe nzima ikasimama. Nikababaika, nikachomoa waya wa laini yenyewe, kompyuta zote zikakosa intaneti, na jamaa aliyekuwa anajaza maombi ya chuo tangu asubuhi akaniita jina ambalo sitalirudia hapa.

Laini iliporudi, Aloyce alishaenda kazini.

Mama akajifunga kitenge vizuri. Hakugomba, na afadhali angegomba. "Nilikuwa namtazama tu, mwanangu. Kumtazama mtu si shughuli?"

Nilirudi chumbani, nikajaribu kukumbuka ni lini mtu alinitazama mimi namna ile, nikakosa.

Programu nikaifuta, na nikaapa sitampimia tena mtu haja yake kwa kelele anazopiga. Jumamosi iliyofuata nikamtengea Mama kompyuta nzuri kuliko zote, nikakataza yeyote kuikalia, nikangoja mpaka muda wa kufunga. Hakuja. Mjomba aliniambia kwamba dada yake amesema atamsubiri Aloyce mwenyewe arudi.