Mikono Chini ya Mapaja

Siku ya mechi ya watani wa jadi, yule winga mstaafu huingia baa ya Glenys kabla ya watu, akakaa meza ya katikati. Wekundu hukaa kushoto, wabluu kulia, na yeye alizichezea timu zote mbili za mji huo. "Mzee, leo unamsaliti nani?" Clive wa wekundu humchokoza. "Nakunywa bia tu, kaka," hujibu taratibu, kama mgeni anayeuliza njia. Bao likiingia, la huku au la kule, baa nzima huruka. Yeye huisukuma mikono chini ya mapaja na kuikalia, maana mchezaji hashangilii bao dhidi ya timu aliyoichezea. Glenys alishayazoea hayo. Lakini Jumanne moja ya mvua walikuwa wawili tu, Glenys na yeye, na kwenye runinga zilicheza timu za Italia ambazo hata majina yake hawakuyajua. Likafungwa bao tamu, la mbali. "Shangilia basi, mzee. Leo hakuna wa kukununia." Akatabasamu, akataka kupiga makofi, akatazama chini. Mikono alikuwa ameshaikalia.