Poda ya Mama Sosiali

Nyumba yangu iko nyuma ya msikiti mdogo, hapa Kasongo, na uani kuna chumba ninachopangisha tangu watoto wangu walipohamia Kindu. Wapangaji wamepita wa kila namna. Alikaa muuza dawa, akakaa mwalimu wa hesabu aliyekoroma mpaka mbuzi wa jirani wakaamka, akakaa fundi wa simu ambaye sitaki hata kumtaja. Lakini ninayetaka kumwandika ni Dieudonnée, kwa sababu yeye ndiye aliyenifanya niwachukie watu ambao, nikisema kweli, hawakuwa wabaya.

Alikuja kutoka Kabambare juu ya pikipiki, matope hadi magotini, amekumbatia mkoba wake kama mtoto mchanga. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, hana mume wala mtoto. Kule kwao alikuwa akihudumia familia zilizokimbia vita, na sasa amekuja kusoma katika shule kuu ya kazi za jamii, yale masomo ya juu ya wale ambao wana digrii moja tayari na bado hawajatosheka. Yeye Mkatoliki, mimi Mwislamu, na hatukugombana hata siku moja. Mwezi wa Ramadhani alikuwa haweki sombe yake, yale majani ya muhogo, jikoni mpaka jua lizame, ili harufu isinitese. Sikumwomba.

Wanafunzi wa masomo hayo ya juu wana chama chao. Wanafanya salongo, kazi ya pamoja ya kufyeka majani ya shule, wanaandaa mikutano ya kuzungumza juu ya wajane na yatima, wanatembelea wagonjwa, wanakwenda kwenye vilio. Prezidenti wa chama aliitwa Blaise, kijana mrefu mwenye sauti nzuri na viatu vinavyong'aa hata wakati wa mvua. Dieudonnée alipokwenda kwenye mkutano wake wa kwanza alifika mapema, akakuta mabenchi yamejaa vumbi, akaanza kuyafuta. Wengine walipoingia na kumkuta na kitambaa mkononi, uchaguzi ulikuwa umekwisha. Wakampa kazi ya mambo ya jamii: ajue nani anaumwa, nani amefiwa, nani amejifungua, halafu awapange wenzake waende. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina lake. Akawa Mama Sosiali.

Chama hicho kina desturi mbili ambazo ni lazima nizieleze, maana bila hizo hakuna habari hapa. Ya kwanza, mtu hajitangazi mwenyewe. Ukifiwa, mwenzako ndiye anayekwenda kumwambia Mama Sosiali, naye anasimama mbele ya watu na kutoa komunike, yaani tangazo. Ukijifungua, vivyo hivyo. Kujisemea mwenyewe wanaona ni kuomba, na kuomba kunatia haya. Ni desturi ya heshima, nami sina neno nayo. Ila watu wote hao, pamoja na vitabu vyote walivyosoma, hakuna hata mmoja aliyejiuliza habari za Mama Sosiali mwenyewe zitapelekwa kwa nani.

Ya pili ni siku mwanafunzi anapotetea kitabu chake cha mwisho, ule utafiti wa kumalizia masomo, mbele ya walimu. Siku hiyo wenzake wanakuja nyumbani kwake asubuhi, wanamsindikiza hadi shuleni kwa nyimbo, filimbi na madumu ya plastiki wanayoyapiga kama ngoma. Walimu wakisema amefaulu, anamwagiwa poda kichwani, poda ile ya watoto wachanga, mpaka nyusi zinakuwa nyeupe. Kisha wanamrudisha kwao hivyo hivyo, bila kunawa, ili mji mzima uone. Kasongo ukikutana na mtu mweupe kwa poda hivyo, unajua amefaulu na unajua ana watu. Kopo la poda lilikuwa linakaa chumbani kwa Dieudonnée. Yeye ndiye alikuwa akilinunua, na yeye ndiye alikuwa akilibeba.

Miaka miwili nilimwona akitoka na kitenge cha chama, cha kijani, na kila mara nilimuuliza, "Leo ni kwa nani?" Leo ni kwa Chadrack, mke wake amejifungua. Leo ni kwa Plamedi, ameanguka na pikipiki. Leo tunamsindikiza Laetitia. Alikuwa anajua nani hanywi chai ya sukari na nani asiketishwe karibu na nani. Alirudi jioni miguu imevimba, akaketi kwenye kigoda changu na kunisimulia jinsi watu walivyocheka. Mimi nilimpikia chai ya watu wawili, yeye na mimi. Katika miaka hiyo miwili hakuna mwanachama hata mmoja aliyekanyaga uani kwangu.

Nilianza kukasirika alipofariki mama yake mkubwa, aliyemlea, kule Lusangi. Dieudonnée alikwenda peke yake, akalia kilio, akarudi na kichwa kimenyolewa. Nikamuuliza kama wenzake walimfuata. Akacheka, akasema walikuwa bado wanangoja komunike. Tukacheka wote wawili, maana ilichekesha kweli. Lakini chakula hakugusa, na kesho yake aliniambia kwamba pale kilioni wajomba zake walimuuliza watu wa shule wako wapi, akadanganya kwamba barabara imekatika. Niliona haya kwa ajili yake, na yeye aliona haya kwa ajili yao.

Kitabu chake mwenyewe kilihusu wagonjwa wanaolazwa hospitali bila mlinzi. Kwetu mgonjwa ni lazima awe na mtu wa kumpikia, kumfulia, kumkimbilia dawa, kulala chini ya kitanda chake. Asiye na mtu huyo anaangalia sufuria za wenzake zikipita. Dieudonnée alikaa miezi kwenye mawodi, akizungumza na watu kama hao. Aliniambia wengi wao walikuwa watu wa kusaidia wengine: mkunga, katekista, mama aliyekuwa akipika kwenye harusi za mtaa mzima. Kila mtu alidhani lazima wako na watu wao. Nilimtazama alipokuwa akinieleza hayo, naye akainamia karatasi zake.

Tangu mwanzo wa mwaka alikuwa na tamaa moja tu, na hakuificha kwangu. Digrii aliitaka, ndiyo. Lakini alichokuwa anakitamani hasa ni asubuhi ile, wenzake waje mlangoni kwake na filimbi. Mama yake mzazi asingeweza kutoka Kabambare, mvua zilikuwa zimeharibu barabara na miguu yake haikuwa ya kupanda pikipiki tena. Basi watu wake ni chama. Alinunua kitambaa kipya cha meza. Akaniomba ruhusa ya kufagia uwanja wote siku hiyo, na mimi nikamwambia uwanja nitafagia mimi.

Kisha Nadine, katibu wa chama, akafiwa na baba yake huko huko Lusangi. Dieudonnée akatoa komunike, akatafuta pikipiki, akapanga nani apande na nani, safari iwe Alhamisi asubuhi. Jumanne jioni shule ikamwita: mwalimu mmoja anasafiri, kwa hiyo Dieudonnée atatetea kitabu chake Alhamisi hiyo hiyo. Alikwenda kwa Blaise. Alisimama mlangoni kwake, akamwambia kwamba Alhamisi hataweza kwenda Lusangi, ana kazi shuleni. Akangoja. Neno moja tu lilikuwa limebaki, nalo lilikuwa juu ya Blaise kulisema: kazi gani? Blaise akamshika mkono na kumshukuru. Akasema hakuna shida, Mama Sosiali, umekwisha kutupangia kila kitu.

Mimi, zaidi ya safari ya Lusangi, sikuwa najua lolote kati ya hayo. Alhamisi nilimwona akitoka na kitenge cha kijani, nikadhani anakwenda Lusangi na wenzake, nikamtakia njia njema. Baadaye alinisimulia kwamba alipita njia ya nyuma, ili wauza ndizi wa barabarani wasimwone anakwenda kutetea peke yake. Ndani ya mkoba alikuwa na kitabu, chupa ya maji na lile kopo la poda, maana alikuwa amezoea kulibeba.

Alijibu maswali yote. Walimu walimpa alama nzuri kuliko wote waliotetea mwaka ule, na mwenyekiti wa walimu akasimama kumpongeza. Halafu, kama ilivyo kawaida, akaomba familia na marafiki wa mwanafunzi wasimame waonekane. Chumba kilikuwa na mabenchi matupu, na mlinzi wa shule aliyekuwa amekuja kufunga madirisha. Mlinzi yule, Mungu ambariki, akavua kofia yake na kusimama wima.

Mimi nilikuwa nachambua mchele alipoingia uani. Kitenge kilikuwa safi, uso mkavu. Nikamuuliza kama kawaida yetu, ingawa nilidhani najua jibu.

"Umetoka kwa nani leo?"

"Kwangu, Mama," akasema. "Nimetoka kwangu."

Sikumwelewa mpaka alipoketi na kunieleza. Nilimgombeza kwanza, sikufichi. Kwa nini asiniambie mimi, mimi ningekwenda hata na fimbo, ningepiga vigelegele mpaka walimu wakimbie. Akasema alijua ningekuja, na ndiyo maana hakuniambia, kwa sababu bado alikuwa na tumaini mpaka dakika ya mwisho kwamba mmoja wao atauliza. Baada ya hapo nikaacha ugomvi. Nilimpikia kuku na hatukumla.

Jumamosi Blaise akapiga simu. Dieudonnée alikuwa anafua, mikono ina sabuni, akaniomba nimshikie simu sikioni, kwa hiyo nilisikia yote. Walikuwa wamerudi kutoka Lusangi, kilio kilikwenda vizuri, wafiwa wanamshukuru.

"Sasa, Mama Sosiali," akasema, "watu wa shule wananiambia mwenzetu moja alitetea siku ya Alhamisi, na hakuna mutu alimusindikiza. Ile ni haya kubwa kwetu. Utafute ni nani, utupangie, kesho kisha misa tumufikie na poda."

Nilifungua mdomo. Dieudonnée akanitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwake, nikaufunga. Akamjibu kwamba sawa, atapanga. Akamwelekeza: nyuma ya msikiti mdogo, kwa Mama Rehema, yaani kwangu, kuna mwembe uliokatwa, mlango wa bluu. Blaise akauliza jina. Akasema mtamwona. Simu ilipokatika alikaa chini palepale kwenye povu, akalia kama watu wanavyolia kilioni, kwa sauti, na mimi nikamshika mabega. Nilipomuuliza kwa nini asiseme, alinijibu:

"Niliogopa, Mama. Niliogopa nikisema ni miye, atasema: ah, kumbe ni weye, basi hakuna shida."

Wakaja kweli, Jumapili, baada ya misa. Nilisikia filimbi tangu barabara kubwa, na yale madumu, na wimbo ambao kwa miaka miwili nilikuwa nikiusikia kwa mbali tu, ukielekea kwa watu wengine. Watoto wa mtaa wakatoka mbio. Nikasimama mlangoni na hasira yangu yote tayari kinywani, lakini nilipowaona na nguo zao za kanisa, wanatabasamu, wanatoa jasho, Nadine na kichwa kilichotoka kunyolewa yuko nao, sikujua nianzie wapi. Nikawapisha waingie.

Dieudonnée alikuwa akihangaika na viti. Ndiyo, viti. Alikuwa ameazima kwa majirani, anavipanga kivulini, kimoja huku, kimoja kule, anajua nani asiketishwe karibu na nani. Blaise alipomwona akafurahi.

"Ah, Mama Sosiali, umetutangulia. Mwenyewe iko wapi?"

Akaweka chini kiti alichokuwa amekishika. "Ni miye," akasema.

Wimbo ulikatika mbele kwanza. Wa nyuma, waliokuwa bado nje ya ua, waliendelea kupiga madumu kwa muda, hawajui. Nadine akajifunika mdomo kwa mkono. Blaise akatazama mlango wa chumba, sufuria moja iliyogeuzwa juu ya jiwe, kile kitenge cha kijani kilichoanikwa kwenye kamba.

"Unaishi hapa?" akauliza, na nilimwona akitamani alimeze swali lake.

"Miaka miwili," akasema Dieudonnée, bila ubaya wowote.

Hakuna aliyejua la kufanya. Walisimama kama wageni waliokosea nyumba, halafu mmoja mmoja wakaanza kumtazama yeye, kwa sababu kila walipokuwa hawajui la kufanya, yeye ndiye waliyemtazama. Blaise akanyoosha mkono. Sidhani hata alifikiri, mkono ulinyooka wenyewe, kama siku zote unapofika wakati wa poda. Dieudonnée akaingia chumbani, akaleta kopo, akampa.

Kijana alizungusha kifuniko, kikakataa. Akazungusha upande mwingine. Akalibana kopo chini ya kwapa, akajaribu kwa meno, watu wote wanangoja na madumu yao mikononi. Kopo lile lina namna yake, ni lazima ulibonyeze ubavuni kwanza, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kulifungua. Dieudonnée akalichukua mikononi mwake taratibu, akalibonyeza, akalifungua, akamrudishia. Kisha akainamisha kichwa chake, nywele zake ndiyo kwanza zinaota, akangoja.