Bibi wa Baruti na Salamu ya Sir

Klabu ya kulenga shabaha ninakolinda mlango, hapa Dubai, haikosi watu wa makeke. Wanakuja na miwani ya bei, wanamaliza risasi za dukani, wanapiga selfi, wanaenda zao. Mimi niliyempenda ni bibi mmoja wa Kizanzibari, mzaliwa wa mtaa wa Deira hapa hapa mjini, aliyejijazia risasi zake mwenyewe kwenye chumba cha nyuma.

Haki ya Mungu, yule mama alinifundisha kunyamaza, na kwetu mimi huitwa redio. Anapanga maganda matupu ya risasi kwenye kibao chenye vitundu, anapima baruti kwa mizani ndogo, anamimina, anabana kichwa cha risasi kwa mashine ya mkono. Kila moja sawa na mwenzake, ndiyo maana matundu yake kwenye karatasi ya shabaha yalikaa pamoja. Sharti lake lilikuwa moja: akikatizwa, anamwaga baruti ya kibao kizima na kuanza upya. Ganda likijazwa mara mbili, bastola inaweza kumpasukia mkononi.

Asubuhi ya mchujo wa timu ya klabu, macho yake yalikuwa yameanza kufifia, na alijua akiachwa safari hii hatarudi tena. Alibakiza kibao cha mwisho, cha risasi za kujaribia kabla alama hazijaanza kuhesabiwa, nami nimesimama pembeni yake. Sir, meneja wetu, akachungulia mlangoni.

"Asalaam aleikum, mama."

Nilitamani nimvute kola. Bibi akaweka kijiko chini, akageuka, akaitikia salamu yote, akamuuliza na hali ya watoto. Sir akaenda zake. Bibi akamwaga, na muda wa kujaza upya ulikuwa umekwisha.

"Bibi, si ungetikisa kichwa tu?" nikasema, nimekasirika kweli. "Basi chukua za dukani ujaribie."

"Za dukani zinapiga kwengine, mwanangu. Zitanipoteza."

Akaingia uwanjani bila kujaribu hata moja. Risasi za kwanza zikaenda kushoto. Akarekebisha, na zilizofuata zikarundikana katikati mpaka vijana wa timu wakainuka vitini kutazama. Hazikutosha. Nafasi ya mwisho ikachukuliwa na mwingine kwa alama chache.

Nilimbebea mkoba hadi kwenye teksi, machozi yakinilenga. Nikamwambia ile salamu ndiyo iliyomtoa.

"Najua," akasema, akifunga mkanda. "Mtu kaniombea amani, nimnyamazie kwa ajili ya karatasi?"

Sir alikuwa amesimama getini, anaangalia simu. Bibi akamsimamisha dereva, akashusha kioo, akamsalimia yeye kwanza.