Pasichimbwe Mpaka Nirudi

Genoveva wa Mabawe aliolewa na mtu wa udongo. Mumewe, Xavery, alikuwa mtafiti wa serikali, na alichotaka kujua ni hiki: mvua inapopita ardhini huondoka na nini.

"Samadi tunayomwaga shambani," alimwambia mkewe, "huenda mvua inaila kabla ya mgomba."

Kijiji cha ujamaa kilipoanzishwa, familia ilihamia kwenye nyumba za mstari kando ya barabara. Shamba la migomba likabaki ng'ambo ya kilima, walikozikwa wanaume wa ukoo. Huko, ubavuni mwa kaburi la babu yake, Xavery alichimba shimo la kimo cha kifua. Kutoka ukutani mwa shimo alisukuma masinia ya bati chini ya mizizi, kila sinia na mpira wake, ili maji yaliyochujwa na udongo yatiririke hadi kwenye chupa. Udongo ulio juu ya masinia haukuguswa kwa jembe. Ukivurugwa, maji yatapita njia nyingine, na kazi ya miaka itakuwa bure.

Vita vilipokuja mwishoni mwa 1978, alikwenda na mgambo. Alimwachia Genoveva chupa, dawa ya kuzuia maji yasioze, na neno moja: "Pale pasichimbwe mpaka nirudi." Genoveva akaahidi.

Kila baada ya mvua alivuka kilima kubadilisha chupa, na zilizojaa zilichukuliwa na mtu wa kituo cha utafiti. Wifi yake Dafroza alimtania kisimani.

"Wifi, wenzako wanangoja waume, wewe unangoja mvua."

"Mvua huja, wifi. Yule mwingine ndiye sijui."

Vita vikaisha, wanaume wakarudi. Askari mmoja wa Rulenge alisema walipotezana na Xavery ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, ndani ya Uganda. Zaidi ya hapo hakujua. Genoveva alizoea kuandaa chakula cha wawili, na kila jioni alikila cha pili kikiwa kimepoa, kwa sababu kutupa chakula ni dhambi.

Mwaka ulipopita, ukoo ukaamua. Desturi ya nyumba ile ilikuwa kwamba mtu akipotelea mbali, hukatwa shina la mgomba likazikwa badala yake, kando ya babu zake, ili apate pa kulala. Na nafasi iliyobaki kando ya babu ilikuwa pale penye masinia.

Mzee Nshoma, baba mkwe, alifika shambani asubuhi na wazee wawili, wakiwa na majembe na shina la mgomba lililoviringishwa shuka. Wakamkuta Genoveva amekaa juu ya udongo ule.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Inuka, tumlaze mwenzako."

"Alisema pasichimbwe mpaka arudi. Mkichimba, mmesema harudi."

"Na wewe unasema atarudi?"

"Sisemi, baba. Ninangoja."

"Sinia limekuwa mume," mzee mmoja akanung'unika.

Nshoma hakumjali. "Mimi ni mzee, Genoveva. Sitaki kufa nikimwacha mwanangu nje."

Genoveva aliinuka. Aliingia shimoni, akatoa chupa, akampa. Maji yalikuwa na rangi ya chai nyepesi.

"Hii ni mvua ya juzi, baba. Ndiyo aliyokuwa akiingoja mwanao kila mara."

Nshoma akainua chupa kwenye mwanga, akaitazama. Kisha akawaambia wenzake wachukue majembe yao na shina, warudi nyumbani.

"Nafasi hii kando ya baba yangu ilikuwa yangu kabla haijawa ya Xavery," alisema. "Nikifa, nizikeni upande wa chini. Hapa pasiguswe."

Wengi walimlaumu Genoveva. Najua watu wanaoharakisha matanga ili wagawane migomba, halafu haraka hiyo wakaiita heshima kwa marehemu. Nshoma hakuwa wa namna hiyo. Alikuwa na haki yake, na aliiacha. Lakini ahadi ni ahadi hata aliyepewa asipoonekana, na mwanamke aliyeishika hastahili kuchekwa.

Mzee alifariki masika ya 1982. Alizikwa upande wa chini, kwenye migomba michanga, mbali na baba yake, kama alivyoagiza. Wakati huo kituo cha utafiti kilikuwa kimeshaacha kutuma mtu wa kuchukua chupa. Baada ya mazishi mvua ilinyesha. Kesho yake Genoveva akavuka kilima, akabadilisha chupa, akaketi ukingoni mwa shimo akisikiliza mpira ukidondosha maji.