Siku Qasil Yangu Ilipokataa Kutoa Povu

Jamani, mnicheke tu, maana aibu ile sikuletewa na mtu, niliipika mwenyewe kwenye jiko la dada yangu, tena huku napiga mluzi.

Ilikuwa wakati wa vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini mwa Kenya, nami nilikuwa karani wa duka Wajir, nikijiandaa kuoa Garissa Ijumaa ile. Mama mkwe alikuwa ameagiza kitu kimoja tu, qasil ya kuoshea nywele za bintiye. (Qasil ni majani ya mkunazi, hukaushwa na kusagwa, ukitia maji hutoa povu na kusafisha kuliko sabuni ya dukani.) Basi majani nikayapata mabichi, lori linaondoka kesho yake, na dada yangu Halima akaniambia, "Walaal, ndugu yangu, haya hayataki jua wala moto. Yatandaze kivulini siku nne, uwe unayageuza. Ukiyaharakisha povu linakufa, na hata ukiyaweka hayatafaa kitu."

Siku nne! Mimi, mtu wa hesabu na kalamu, nisubiri majani siku nne? Halima alipotoka nikachukua kikaango cha kuchomea buni, nikayakaanga mpaka yakavunjika kwa vidole, nikasaga, nikachekecha, nikajaza mfuko. Ulikuwa unga mzuri, wa kijani iliyokolea (sawa, ulikaribia kuwa mweusi), nami nilijiona fundi.

Sasa, ndani ya lori lile lile, mbele kwa dereva, alikuwa amekaa mama mkwe mwenyewe, anarudi kutoka kumwona nduguye. Na kwetu mwanamume haketi na soddoh wake, yaani mama mkwe, hamtazami usoni, hata kofia haivui akiwa karibu, kwa hiyo nilijibana nyuma kabisa kati ya magunia, nikijiona mkwe mwenye adabu kuliko wote.

Tulipokaribia Garissa tukasimamishwa na askari, wote chini, mizigo ifunguliwe. Askari mmoja wa bara akachovya kidole kwenye mfuko wangu.

"Nini hii?"

"Sabuni, afande," nikasema kwa kujiamini. "Natia maji, natoa bofu."

"Inatoa nini?"

"Bofu! Bofu mingi sana!"

Mimi nilisema povu, ila kwa ulimi wangu wa siku zile, na siku zile mabomu yalikuwa yametegwa njiani, kwa hiyo alichosikia yeye mnakijua. Akaruka nyuma akipiga kelele "Bomu!", bunduki tatu zikanielekea, abiria wakalala chini, nami mikono juu nalia, "Ya kuosha nywele, wallahi, ya kuosha nywele!" Nilijua kabisa kwamba nikichukuliwa kambini hakuna Ijumaa, hakuna harusi, na pengine hakuna mimi.

"Basi osha," akasema mkubwa wao. "Tuone kama ni sabuni."

Nikavua kofia. Mbele ya mama mkwe! Nikajimwagia maji ya debe, nikapaka unga, nikasugua, nikasugua tena, nikasugua mpaka ngozi ikawaka. Povu hakuna. Tope jeusi tu lilishuka masikioni, likaingia kwenye shati la harusi (ndiyo, nilikuwa nimelivaa), likinuka kahawa iliyoungua, na askari wakaanza kutazamana vibaya.

Ndipo nikasikia sauti ya soddoh, haongei na mimi, anaongea na mkubwa wa askari.

"Afande, hii si shifta. Hii jinga tu. Nakaanga qasil kama buni."

Akatoa kijaluba chake, akaweka qasil kidogo kiganjani mwa askari, akatia maji, na povu likajaa jeupe mpaka kwenye kiwiko. Askari walicheka mpaka mmoja akakaa chini barabarani. Wakaniachia. Mfuko wangu ukabaki pale, sikuudai.

Tangu siku hiyo sijakausha jani lolote karibu na moto, na naapa sitafanya hivyo hata niambiwe harusi ni jioni ile ile.

Ijumaa tulioana. Wajomba wa mke wangu walikuwa wameshasikia, wakataka kujua kama bado binti yao apewe mtu wa namna ile. Mama mkwe akawajibu, "Huyo mtu tayari nimemwona na tope kichwani, na bado amekuja. Abewe."

Nikapewa.