Mafuta ya Mbarika Mbele ya Baraza

Aliyetaka kunifukuza soko la Garissa ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Namtaja kwanza ili asije akasahaulika. Wa pili ni mwenyekiti wa soko, aliyekuwa akinywa chai ya bure dukani kwa shemeji kila asubuhi.

Ilikuwa miaka ya tisini. Ukame ulimaliza mbuzi wetu upande wa Modogashe, nikashuka Garissa na watoto. Ngamia waliobaki, shemeji alisema atanichungia. Mpaka leo anachunga. Mimi nikaokota mbegu za mbarika kando ya mto Tana, nikazikaanga, nikazitwanga, nikazichemsha mpaka mafuta yakaelea, nikayaengua. Ni mafuta mazito, yanavutika kama asali. Wachungaji waliyapenda kwa ngozi: mshipi, kiatu, ala ya kisu. Ngozi ikinywa mafuta hayo hubaki laini hata jua la Wajir liipige vipi. Mkeka wangu ulikuwa karibu na wauza ngozi, na mkeka ule ndio uliolisha wanangu.

Shemeji akaanza kununua kwangu na kuuza dukani kwake. Kumbe alikuwa akiyaongezea mafuta ya kupikia.

Siku moja akaja mzee kutoka Hadado na ala ya kisu mkononi, inanata, inanuka kama samli iliyooza. Shemeji akamwambia, "Mimi nauza tu. Mpishi ni yule mjane."

Baraza la wazee wa soko likakaa. Mwenyekiti akataka niape kwa Kurani. Nikasema niko tayari. Shemeji naye akasema yuko tayari, tena haraka kuliko mimi, kama mtu aliyeitwa kula. Wazee wakaona viapo viwili havitaamua kitu. Mwenyekiti akaona afadhali mkeka wangu uondolewe mpaka ukweli ujulikane. Ujulikane vipi, nikiwa nimekaa nyumbani na njaa?

Palikuwa na mwalimu wa sayansi, mtu wa bara, aliyezoea kununua kwangu mafuta ya nywele za mkewe. Akaomba kusema. "Wazee, tafuteni spiriti ya hospitali. Mafuta ya kupikia hayakubali kuchanganyika nayo. Ya mbarika huyeyuka humo."

"Hiyo ni pombe, mwalimu," mwenyekiti akasema. "Kwa baraza haiingii."

"Haiingii?" akauliza mzee wa Hadado. "Wewe ulipochomwa sindano ya matako walikupaka nini, maziwa ya ngamia?"

Hata wauza ngozi walicheka. Ikaamuliwa kwamba spiriti isiingie barazani, baraza ndilo litoke. Wakabeba viti vyao mpaka nje ya zahanati. Mwenyekiti mwenyewe alichukua chupa moja kwenye mkeka wangu na nyingine kwenye rafu ya shemeji.

Mwalimu akamimina spiriti kwenye glasi mbili. Je, kama ya kwangu nayo yangekataa? Akatia yangu, akakoroga. Yakapotea, glasi ikabaki angavu, unaona vidole vyake upande wa pili. Akatia ya shemeji. Glasi ikawa nyeupe kama maziwa, kisha mafuta yakaanza kujikusanya chini, tone kwa tone, watu wote wakitazama.

"Mafuta yana mikia mirefu isiyopenda maji wala spiriti," mwalimu akaeleza. "Mkia wa mbarika una kishikizo, oksijeni na hidrojeni, na spiriti inacho kama hicho. Vinashikana. Mikia yenyewe nayo hushikana, ndiyo maana mafuta haya ni mazito."

Shule sikukaa, lakini hilo nilielewa. Wazungu wa viwandani, alisema, huyanunua kwa ajili ya kishikizo hicho hicho.

Shemeji akanisogelea. "Dumaashi," akaninong'oneza, maana ndivyo tunavyomwita mke wa ndugu, "haya ni mambo ya jamaa. Tuyamalize nyumbani."

"Umenishtaki sokoni," nikasema, na sikunong'ona. "Tuyamalize sokoni. Sema ni nani aliyechanganya."

"Ni mimi," akasema akitazama viatu vyake.

"Sikusikia," akasema mzee wa Hadado.

Akarudia, safari hii kwa sauti.

Mwenyekiti akakohoa, akasema niendelee na biashara yangu. Kesho yake nilipofika na mkeka kwapani, wanunuzi walikuwa tayari wamechuchumaa mahali pangu, wananingoja, na mwenyekiti alikuwa mmoja wao, kiatu mkononi.