Nusu Kidonge ya Mama Verdiane

Verdiane Uwamwezi, binti Hakorimana: huyo njo alivuka vilima vya Masisi mara tatu na mbegu za viazi kichwani, vita vikimfuata nyuma. Huyo njo alisimama kanisani Kitshanga akasema ana virusi vya ukimwi, siku zile watu waliogopa hata kukalia kiti chake. Tangu hapo, kila Jumanne, wanawake ishirini na wawili wa kambi ya wakimbizi, wenye virusi kama yeye, walikaa mbele yake, naye akawafundisha neno moja: dawa haikatwi.

Basi Séraphin, muuguzi wa zahanati ya kilimani, akamwambia akate. Si dawa ya virusi, hiyo aendelee nayo bila kuruka. Ni kotri, kile kidonge kikubwa cheupe alichomeza kila asubuhi miaka kumi na moja ili magonjwa mengine yasimwingie. Damu ilionyesha chembe nyeupe zimepungua sana, na huenda kotri njo inazipunguza. Aiache wiki mbili, wapime tena. Homa ikija, asingoje kesho.

Verdiane alishuka kilima kichwa kikizunguka. Mwaka jana walimwambia chembe hizo, askari wa mwili, wamepanda. Leo wamepungua. Séraphin alieleza kwamba hao wa leo ni wa kundi lingine, lakini maneno yalimpita. Na kidonge kinachomlinda kinawezaje kumla? Tena wanawake wakisikia yeye ameacha moja, wataacha zote, na watakufa.

Akaona atafute njia ya katikati. Kila asubuhi alikata kotri kwa kisu cha viazi, akameza nusu.

Wiki mbili zikaisha, damu ikawa vilevile. Séraphin akakuna kichwa, akaanza kuandika karatasi ya kumtuma hospitali kubwa ya Goma. Verdiane akaona haya kumsumbua mtu bure, akasema ile nusu.

"Mama, ukiambiwa utoke mu nyumba, unaacha mguu mumoja ndani?"

Séraphin alicheka, Verdiane hakucheka. Alimwachia mezani vidonge vyote vya kotri vilivyobaki, akaenda moja kwa moja kwa Kasoki, muuza sabuni wa kutoka Butembo, mmoja wa wale ishirini na wawili.

"Jumanne utasimama pahali pangu," alimwambia. "Uwaambie Verdiane ameacha kotri juu damu yake njo ilipimwa ikapatikana imepungua, si ya kwao. Muntu asiache dawa kama hajapimwa."

"Na wakiuliza kotri inapunguza damu namna gani?"

"Hata mimi sijaelewa, na siwezi kufundisha kitu sijaelewa. Njo maana kesho asubuhi unapanda kwa Séraphin. Umuulize mpaka uelewe, kisha uanze kunifundisha mimi."